Kombe la Hidaya

Nyumbani kwangu Gombani, kopo la manjano halikai jikoni pamoja na viungo vingine. Liko chumbani, juu ya kabati, nyuma ya cherehani, na wanangu wamekua wakiamini kwamba ni dawa. Nikitaka kupika mchuzi hupanda kigoda, nikachota nusu kijiko, nikalirudisha pale pale. Mume wangu aliuliza mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nikamjibu kwa jicho, hakuuliza tena.

Wiki iliyopita mvua ilikuwa ikinyesha, na binti yangu mdogo, anayejifanya mpishi, akapanda mwenyewe. Kopo likamponyoka, manjano yakamwagika kwenye sahani nyeupe niliyoiweka ikinge maji ya paa linalovuja. Mimi nilikuwa ukumbini. Harufu ya manjano yaliyorowa, harufu ya udongo uliochanganyika na pilipili, ilinifikia kabla ya kilio chake. Vinyweleo vikanisimama. Na nyuma ya harufu ile nikasikia, kama nilivyosikia nikiwa na umri wa miaka tisa, kwaru, kwaru, kwaru, miyaa mikavu ya kusukia mikeka ikiburutwa sakafuni. Nilikaa kitako palepale nilipokuwa.

Jambo hili sijapata kulisimulia lote kwa mtu mmoja. Huyu nimempa kipande, yule kipande. Leo nawapa ninyi lote, ila msinicheke mpaka nimalize.

Nilizaliwa Msuka, kaskazini kabisa mwa Pemba, ambako ukisogea mbele kidogo nchi inakwisha. Nyumba yetu ilikuwa na watu wanne: Baba, aliyekuwa akilima muhogo na kuchonga mipini ya majembe; Mama; Bibi, mzaa baba; na mimi Zuwena, mtoto pekee. Tangu nijue kuinua mikono nilikuwa nikimwomba Mungu anipe mdogo wangu. Nilikuwa nikiomba kwa sauti, ili na wazazi wangu wasikie.

Alipokuja alikuwa wa kike, mwekundu, na nywele zake zilikuwa nyingi mpaka Bibi akasema huyu kaja na kilemba. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba. Kabla ya hapo ukiuliza anaitwa nani, utaambiwa usubiri siku yake. Baba alikwisha kumfunga mbuzi wa akika kwenye mnazi nyuma ya nyumba. Mimi subira sikuumbiwa. Siku ya tatu, Mama akiwa anaoga, nilimwinamia mtoto sikioni nikampa jina nililomchagulia: Hidaya. Kila Bibi akimtazama alikuwa akisema, "Hino hidaya, hidaya ya Mngu," nami nikaona jina lishapatikana, wakubwa wanachelewa bure. Mtoto alifumbua jicho moja, akanitazama, akalifumba. Nikamwapia kwamba sitamwambia mtu mpaka siku yake ifike.

Siku ya sita, adhuhuri, alikufa.

Nawaambia kwa mkato kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi alinyonya, mchana hayupo. Alizikwa kabla ya alasiri, na mimi nilipelekwa kwa majirani nikapewa muhogo wa nazi nile, nikaula, na mpaka leo nashangaa kwamba niliula wote. Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa watu, na katika watu wote wale hakuna aliyeniuliza kitu, wala hakuna aliyemtaja mtoto. Wangemtaja vipi? Hakuwa na jina. Mbuzi alibaki mnazini akilia mpaka kesho yake Baba alipomfungulia, na hata alipofunguliwa hakwenda mbali. Alizunguka dirisha la Mama siku nzima.

Mama hakulia. Alinyamaza. Siku za mwanzo watu walisema ni msiba. Siku ya kumi wakasema ni uzito. Ilipofika siku ya ishirini wakaanza kuteremsha sauti wakipita mlangoni kwetu, na watoto wenzangu wakaniuliza kama ni kweli mama yangu kachukuliwa ulimi. Niliwaambia uongo, kwamba huwa anasema na mimi tukiwa wawili. Baba alimpeleka hospitali. Daktari akampima, akasema mwili hauna kasoro, wakarudi. Mama alikula akipewa, akaoga akipelekwa. Macho yake yalikuwa wazi, lakini ukisimama mbele yake yalikupita, yakaangalia mahali fulani nyuma ya bega lako, nawe ukajikuta unageuka kutazama kuna nani. Nilikuwa nikigeuka kila mara, na kila mara palikuwa na ukuta.

Kitu kimoja tu alichokifanya ni kusuka ukili. Mnaujua ukili, ule utepe wa miyaa, upana wa vidole vinne au vitano, ambao mwanamke huusuka mrefu, kisha akaukata na kuushona ukawa mkeka. Mama hakuukata wala hakuushona. Alisuka tu. Mikono yake ilikwenda mbio huku uso umetulia, kama kwamba mikono ni ya mtu mwingine aliyeketi ndani yake. Ukili ulianza mapajani mwake, ukateremka kitandani, ukazunguka miguu ya kitanda, ukatokea chini ya pazia la mlango, ukapita ukumbini ubavuni mwa ukuta hadi uwani. Kila tukiamka umesogea. Siku ya upepo ulikuwa ukijiburuta wenyewe sakafuni, kwaru, kwaru, na paka wetu, aliyekuwa hajali hata mbwa, akahama nyumba.

Tulikuwa tukiuruka kwa adabu, kama unavyoruka miguu ya mgonjwa. Siku moja nilijikwaa nao nikasema kwa hasira kwamba nitachukua kisu niukate. Bibi alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usiukate," aliniambia kwa sauti ndogo. "Hatujui huko upande wa pili kaushika nani."

Baada ya hapo sikuweza kuukanyaga ukili ule hata kwa kisigino.

Lazima niwaambie kuhusu Bibi. Bibi alikuwa hatwangi bila kutunga. Mchi ukipanda neno, mchi ukishuka neno, na mistari ikaja yenyewe, kuhusu kuku aliyepotea, kuhusu jirani mchoyo, kuhusu Baba ambaye tangu utoto hakujua kufunga kamba. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane kule, na kusikiliza vina vinavyogongana mwishoni. Alikuwa akisema kwamba neno lililopangwa vizuri huingia mahali ambapo chakula hakiingii. Lakini tangu siku ya sita Bibi naye alitwanga kimya. Mchi ulisikika peke yake, du, du, du, na mimi nilikuwa nikihesabu nane nikasubiri maneno, hayaji. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema wahenga. Mshindo wenyewe nilikuwa nausubiri kila siku.

Siku ya thelathini na moja Bibi alivaa buibui lake akaenda kwa Maalim Faki, mwalimu wetu wa chuo cha Qur'ani, mzee mwembamba aliyekuwa akituchapa kwa huruma na kutusomesha kwa ukali. Akamwomba amwandikie mkwewe kombe.

Kwa wale wasiolijua, kombe ni sahani nyeupe iliyoandikwa aya za Qur'ani kwa zafarani iliyotiwa maji ya waridi. Maandishi yakishakauka sahani hutiwa maji, ikatikiswa mpaka herufi zote zikayeyuka, na mgonjwa akanywa. Hunywa maneno yenyewe. Niliona ni jambo la kawaida kabisa. Kwetu nani hajanywa kombe? Nilikunywa nilipoumwa na surua, na nilipoanza kusoma ili kichwa kifunguke, ingawa Maalim alidai kwamba kichwa changu kilikula zafarani bure.

Baba hakuwa na matumaini. Bibi akamwambia, "Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, basi yatashindwa kumtoa ntu chumbani?"

Zikapangwa sahani saba, siku saba, na mchukuzi nikawa mimi. Shule zilikuwa zimefungwa, chuo kilikuwa asubuhi. Tukimaliza kusoma Maalim alikuwa akiandika mbele yangu kwa kalamu ya mwanzi, mstari ukizunguka sahani kutoka ukingoni kuingia katikati. Kisha alifunika kwa kawa, ile kofia ya miyaa ya kufunikia chakula, akanipa mikononi. "Nenda moja kwa moja," alikuwa akiniambia. "Usisimame njiani, usiseme na ntu."

Nami siku ya kwanza tu nilisimama.

Njia ya nyumbani ilipita karibu na makaburi. Wanawake kwetu hawaendi makaburini, na Mama hakuwahi kuona alipolazwa mtoto wake. Mimi niliona sijawa mwanamke bado. Nilijipenyeza kwenye vichaka nikalifikia kaburi dogo lenye mawe mawili, nikataka kumwambia mdogo wangu kwamba dawa ya Mama iko njiani. Juu ya kaburi nikakuta kipande cha ukili.

Kilikuwa urefu wa shubiri, kimelazwa katikati, kimenyooshwa vizuri. Nilikijua. Mama alikuwa na mkono wake katika kusuka, alikuwa akitia mwaa mmoja mwekundu kwenye ukingo wa kushoto, na kipande kile kilikuwa na wekundu kushoto. Mama hakuwa ametoka chumbani kwa zaidi ya mwezi. Nilirudi nyumbani nikitembea kinyumenyume mpaka njia kuu, sahani mikononi, nikisoma kila nilichokijua.

Siku ya pili vilikuwa viwili. Siku ya tatu, vitatu. Sikumwambia mtu, kwa sababu ningeulizwa nilifuata nini kule. Na mngetegemea kwamba nitaacha kwenda. Sikuacha. Kila siku niliogopa zaidi na kila siku nilikwenda, na kila siku Bibi aliiyeyusha sahani jikoni, akaimimina kikombeni, na Mama akanywa kwa mkono wake, akarudisha kikombe, akaendelea kusuka. Siku ya sita Bibi alitoka chumbani akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Imebaki moja," alisema. Nikaelewa kwamba baada ya hiyo moja hakuna tena kitu ambacho wakubwa wanakijua.

Siku ya saba mbingu ilikuwa safi nilipoingia kwenye vichaka. Vipande vilikuwa saba. Niliweka sahani juu ya jiwe ili nivihesabu vizuri, na ndipo mvua ya mchoo ilipoanguka, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka najipiga paji la uso. Nilinyakua kawa, nikajifunika mimi.

Kichwa changu kilikuwa kikavu kabisa. Niliposhusha macho, sahani ilikuwa nyeupe. Zafarani ilikuwa ikichuruzika kwenye jiwe kwa uzi mmoja mwembamba wa rangi ya machungwa, ikaingia kwenye mchanga wa kaburi. Dawa ya mwisho ya mama yangu alikuwa ameinywa Hidaya.

Sikuweza kurudi kwa Maalim. Alikwisha kuondoka kwenda mjini, na zafarani yake ilikwisha siku ile ile. Nilimwona akikung'uta kikaratasi. Nilikwenda nyumbani na sahani yangu tupu chini ya kawa. Bibi hakuwepo, ameitwa kwa mwanamke aliyekuwa akijifungua. Baba alikuwa shamba. Nilisimama jikoni, na machoni pangu pakaja kopo la manjano.

Mnanicheka. Nilisema msinicheke.

Niliyakoroga manjano kwenye kifuu, nikachukua chelewa, kijiti cha jani la mnazi, nikakaa chini. Nilitaka kuandika aya. Mkono ukakataa. Kuandika neno la Mungu kwa kiungo cha mchuzi, na huenda nikakosea herufi, hilo niliona litaniunguza palepale. Lakini sahani haikuweza kuingia chumbani tupu. Basi nikaandika kile nilichokuwa nacho. Tangu siku ya sita kulikuwa na mistari kichwani mwangu iliyokuwa ikienda na mchi wa Bibi, ikijaza pale alipokuwa hasemi. Niliiandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kutoka ukingoni kuingia katikati kama alivyofanya Maalim:

Mwanao analo jina,
Hidaya nimemuita,
Nawe Mama nena tena,
Rudi, nyumba yakuita.

Mstari wa mwisho ulinisumbua. Kichwani ulikuwa "Rudi, Mama, nakuita." Mizani ni ile ile, nane. Lakini chelewa ilipofika hapo niliona haya. Nani mimi wa kumwita mtu aliyefiwa? Nikaandika nyumba.

Niliingia chumbani nikiuruka ukili. Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono ikienda. Niliiweka sahani mbele yake, na kwa kuwa Bibi hakuwepo kuipokea, ilikaa pale na maandishi yake. Mikono ya Mama ilisimama. Macho yake, ambayo kwa siku thelathini na saba yalikuwa yakinipita, yalianguka kwenye sahani yakabaki pale. Nje mvua ilikuwa imekatika, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye makuti, tone moja moja. Nilitia maji kwenye sahani, mengine yakamwagikia mkeka. Nikatikisa. Rangi ikageuka ya mchuzi, na harufu ile ikapanda, harufu ya udongo na pilipili, ikajaa chumba kizima. Kombe halinuki hivyo. Hata mbuzi angejua.

Mama aliinua sahani kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.

Aliiweka sahani chini ya mto wake, akajilaza, akanipa mgongo. Na tangu saa ile hakusuka tena.

Siku tatu zilizofuata sitaki hata adui yangu azipate. Wakubwa waliona mikono imenyamaza wakatazamana. Bibi alimshika Mama vidole, kimoja kimoja, akaviweka chini. Nilimsikia akimwambia Baba ukumbini, "Kilichokuwa kimembakia ni mikono." Nami nilijua ni nani aliyeinyamazisha. Nilikuwa nimemnywesha mama yangu mchuzi wenye jina la maiti. Nilikaa uwani, nikiutazama ukili, mwisho wake ukiwa umelala kwenye vumbi, hausogei. Nilitamani usogee.

Siku ya nne, alasiri, nilikuwa peke yangu nikifagia ukumbi. Hapakuwa na upepo. Nikasikia kwaru.

Ukili ulikuwa ukienda. Lakini safari hii haukuwa ukitoka chumbani, ulikuwa ukirudi. Ulinipita miguuni taratibu, ukavutwa, ukasimama, ukavutwa, ukiingia chini ya pazia kidogo kidogo kama unaoitwa. Na nyuma ya pazia kulikuwa na sauti. Ilikuwa kavu, imekwaruza, sauti ya mtu nisiyemjua, ikisema chinichini:

"Mwanao analo jina... Hidaya..."

Ufagio uliniponyoka. Wallahi nilidhani ni yeye. Nilidhani amekuja kufuata jina lake, na kwamba amekaa kitandani anavuta ukili kutoka upande wake. Nilitaka kukimbia, nikabaki nimeegemea ukuta. Sauti ikarudia mistari yote minne, kwa mizani, bila kuruka hata silabi, maneno ambayo hakuna kiumbe aliyeyajua isipokuwa mimi na maji. Kisha ikasema, karibu zaidi:

"Zuwena. Nletee shazia."

Shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Hakuna mzuka anayetaka shazia. Nililivuta pazia, na Mama alikuwa ameketi katikati ya pindi la ukili lililomfika kiunoni, macho yake yakinitazama mimi, si bega langu. Sauti sikuijua kwa sababu ilikaa ndani siku arubaini na moja, na kitu kikikaa ndani siku zote hizo hutoka na kutu.

Bibi aliporudi akamkuta anashona, alikaa chini palepale mlangoni. Hakusema alhamdulillahi wala nini. Alianza kutunga.

Mkeka ule ulishonwa kwa wiki mbili. Ulikuwa mkubwa kupita chumba chochote cha nyumba yetu, ukabidi utandikwe uwani. Siku ya kumalizia, Mama alifika ule mwisho wa kwanza kabisa wa ukili, ule uliokuwa uwani siku zote, akakuta umekatwa kwa kisu. Akauliza, "Nani kaukata?" Mimi na Bibi tukatazamana. Nikavikumbuka vile vipande saba.

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua na mpini wa jembe mkononi. "Mie," alisema. Alikohoa. "Tangu kombe la kwanza, kila nikitoka msikitini alfajiri. Nilikuwa nampelekea yule ntoto. Weye hukuweza kwenda."

Siku zote zile sikumwona Baba hata na jicho jekundu. Nilikuwa nimedhani hana msiba. Mama alimtazama, kisha akasogea upande mmoja wa mkeka, na Baba akaketi, na viatu vyake.

Siku ya Ijumaa tukafanya hitima kwenye mkeka ule. Wanawake wa Msuka wote uliwatosha. Dua ilipofika mahali pa kumtaja marehemu, ilikuwa ni Baba aliyesema, kutoka upande wa wanaume, kwa sauti iliyokatika katikati: Hidaya. Nilitazama chini. Niliona watu wote watajua kwamba jina lile limetoka kwangu, na nusu yangu iliogopa, nusu ilijivuna.

Kwa Maalim Faki nilikwenda kutubu mwenyewe, kabla sijakamatwa. Alinisikiliza huku akichonga kalamu. Nilipofika kwenye manjano aliweka kisu chini, akageuka ukutani, mabega yakamtikisika. Aliponigeukia tena uso ulikuwa mkali. Aliniamuru niandike aya zilizomwagwa na mvua mara kumi ubaoni, kwa sababu nilisimama njiani. Kuhusu yale mengine alisema kwamba Mungu anajua kusoma mwandiko wa watoto.

Na mimi nilikua nikiamini kwamba maneno yalisema ndani ya tumbo la mama yangu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza: yaliingia kwa maji, yakapanda, yakamtoka. Ni ajabu jinsi mtoto anavyoweza kuona jambo kwa macho yake akakosa kuliona. Sahani nilimwekea mimi mwenyewe, na Mama alisoma chuo kile kile nilichosoma mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, hapa Gombani. Siku ya saba Mama alikuja kutoka Msuka na furushi. Nilimwambia nataka kumwita mtoto Hidaya. Akatikisa kichwa. "Jina hilo lina mwenyewe." Basi tukamwita Rahma. Wageni walipoondoka, Mama alifungua furushi, na ndani ya kanga mbili ilikuwamo sahani. Ilikuwa ya kizamani, ya udongo mweupe, na uso wake ulikuwa na nyufa ndogo kama nywele. Zafarani ingekwishatoka zamani. Manjano hayatoki. Yalikuwa yamekaa ndani ya nyufa, na ukiielekeza sahani kwenye mwanga uliona, si maneno, ila mapito ya maneno, yakizunguka kutoka ukingoni kuingia katikati.

"Mama," nilisema, "ulijua."

"Kombe gani hunuka nchuzi wa samaki wa ng'onda?" alisema, akacheka.

"Kwa nini ukanywa?"

Alinyamaza. Mpaka siku ile, kila Mama akinyamaza kidogo tu, moyo wangu ulikuwa ukishuka. Alimchukua Rahma kutoka mikononi mwangu, akamweka begani.

"Waliniambia mengi watu," alisema. "Nshukuru, nsubiri, ntapata nwingine. Hakuna aliyenambia jina lake. Nilikuwa nikisuka nikilitafuta, maana ntamwitaje siku ya kiama, ntoto asiye na jina? Weye ukaniletea." Alimpigapiga mtoto mgongoni. "Lakini si hilo lililonirudisha. Uliandika nyumba yaniita. Nikaitazama nyumba. Nyumba haina mdomo, mwanangu. Nikajua humu ndani yumo ntoto kanyamaza kuliko mie."

Nilifungua mdomo nimjibu. Kilichotoka kilikuwa kilio, miaka kumi na sita baadaye, kile cha siku ya sita ambacho hakuna aliyeniuliza kama ninacho.